Uliza Yaya: Programu ya meza, tuiachie kazi gani?

Jambo yenu wasomaji wote wa L'shi (Lubumbashi) na wa mbali. Mwezi huu barua zimerundikana juu ya kitu kimoja, zile programu zinazoweka mu ordinatere meza ya mchezo wa kuigiza kama Dungeons & Dragons (mmoja anasimulia hadithi, wengine wanaigiza wahusika, dadu inaamua), ramani, tokeni (vipicha vya wahusika), dadu, fishi za wahusika vyote mu skrini moja, na karibu wote mnauliza swali lile lile kwa njia tofauti: programu ifanye kazi ngapi yenyewe? Mimi ni emji, yaani mwenye kusimulia na kuendesha mchezo, kila siku ya posho tangu miaka, nilianza na kalamu na makaratasi, kiisha nikaingia ku programu, kwa hiyo nitawajibu vile ninavyoiona mimi.

*

*Yaya, jambo sana. Mi naendesha Dungeons & Dragons na wenzangu wanne, tunachezaka usiku ku intaneti juu wawili wako Likasi. Nilichanga franga miezi mitatu nikanunua programu ya meza, nikafikiri nitaweka ramani tu, kiisha yenyewe itahesabu, itapiga, itatoa uhai, mi nitabaki kusimulia. Sasa vita moja ya gobelini sita inatukula saa mbili. Nabonyeza, nabonyeza, madirisha yanafunguka, mara imetoa uhai kwa mtu ambaye alitaka kujikinga, wanapiga kelele, narudisha kwa mkono. Nilinunua kitu kibaya ao mi njo sijui?*
*Emji wa Katuba*

Mdogo wangu, hukununua kitu kibaya na si kwamba hujui, ila ulingoja programu ikufanyie kazi mbili na yenyewe inaweza moja tu. Kuna kazi ya kuhesabu na kuna kazi ya kuamua. Ile ya kwanza mashine inakushinda wewe na mimi, haichoki, haisahau. Ile ya pili iko ya watu wenye kukaa ku meza, na shida yako yote inatoka pale programu inapita juu ya uamuzi wa mtu bila kumwuliza.

Chukua huyo aliyetaka kujikinga, nadhani alikuwa mchawi mwenye uchawi wa Ngao. Orki anampiga, dadu ya pande 20 inatoa 12, anaongeza 5, inafika 17, na mchawi kinga yake, ile namba ambayo pigo inabidi lifikie, ni 15, kwa hiyo shoka limemfikia. Lakini sheria inasema mchawi, akisha kusikia kwamba amepigwa, anaweza kutumia Ngao na kinga yake inapanda kwa 5, inakuwa 20, na lile shoka linapita hewani. Ona vile ilivyo: kati ya "amepigwa" na "ametoka damu" kuna nafasi ndogo, na ile nafasi ni ya mchezaji, si ya emji wala ya mashine. Programu uliyoipanga itoe uhai papo hapo inafunga nafasi hiyo. Na ukiipanga isimame kila mara iulize, basi itauliza kila mtu mwenye uchawi wa namna hiyo ku kila pigo, na mwenzako wa Likasi mwenye intaneti ya kusuasua dirisha linamfikia sekunde kumi nyuma, wote mnangoja. Saa zako mbili zimeishia pale.

Nikupe dawa. Acha programu itupe dadu, ijumlishe, iseme 17 dhidi ya 15, na kiisha isimame. Kibonyezo cha kutoa uhai ukibonyeze wewe kwa mkono wako, ukisha kusikia sauti ya mchezaji. Ku Foundry, moja ya programu hizi, mfumo wa kawaida wa Dungeons & Dragons unafanya karibu hivyo hivyo, unaandika matokeo na unakuachia kibonyezo, otomatiki ile kali inaingia pale watu wanaongeza moduli (viongezo vya programu) kama Midi-QOL ambazo zimeandikwa na watu wa kujitolea. Moduli hiyo ni kazi nzuri ya mikono ya watu, naiheshimu sana, ila ina mipangilio mingi mno na mtu akiiwasha yote siku ya kwanza anaumia. Fantasy Grounds, ambayo iko tangu 2004, yenyewe ina otomatiki nyingi ndani yake, unaburuta dadu juu ya adui na inajua kama imempata. Roll20 ya 2012 inakaa katikati, fishi inahesabu, mengine unafanya wewe. Owlbear Rodeo karibu haijui sheria yoyote, ni ramani na tokeni na dadu basi, na kuna emji wengi wazuri wanaochezea humo na hawalalamiki.

Sasa ile ya kuhesabu uiachie mashine bila wasiwasi. Mfano wangu ni kukaza akili. Mtu anashikilia uchawi, anapigwa, inabidi atupe dadu kuona kama akili imebaki palepale, na namba ya kufikia ni 10 ao nusu ya uhai aliopoteza, ile iliyo kubwa. Akipoteza 14 ni 10, akipoteza 30 ni 15. Ku meza yangu ya makaratasi tulikuwa tunasahau hii kila juma, mtu anabaki na uchawi wake wa Baraka vita nzima kumbe ilitakiwa iishe zamani, na siku ukimkumbusha anaona unamwonea. Mashine ikikumbusha hakuna anayemkasirikia mtu. Vilevile ile dadu ya 4 ambayo Baraka inaongeza ku kila pigo na ku kila dadu ya kujiokoa (ile ya kuepuka madhara), wachezaji wanaisahau, programu haisahau. Vilevile uchawi wa mpira wa moto, dadu 8 za pande 6 juu ya gobelini sita, kila mmoja anatupa dadu yake ya kujiokoa, waliofaulu wanapata nusu: kwa mkono ni dakika tano za kuhesabu vidole, kwa programu ni kubonyeza mara mbili. Hapo saa zako zitarudi.

Na kuna kitu cha tatu ambacho hakuna programu itakipata. Mwaka juzi wahusika wa meza yangu walikuwa mu mgodi wa zamani wa shaba, gobelini wanapanda kwa njia ya reli, na mchezaji mmoja, binti ambaye babu yake alifanya kazi mu migodi, akauliza: "lile behewa lililojaa mawe lina kizuizi cha mbao ku gurudumu?" Nikasema ndiyo. Akasema anapiga mbao teke. Hakuna kibonyezo cha hiyo, hakuna moduli, hakuna sheria yenye jina la behewa. Nikaamua pale pale kila gobelini atupe dadu ya kujiokoa, afikie 13, asipofika dadu 3 za 6 za uhai. Nilifungua dirisha tupu la dadu, nikaandika 3d6, kiisha nikatoa uhai kwa mkono tokeni kwa tokeni. Njo maana nasema, hata ukiwa na otomatiki ya namna gani jifunze kwanza kufanya mambo kwa mkono mu programu yako: kubadilisha uhai, kuongeza hali, kutupa dadu isiyo ya fishi yoyote. Emji asiyejua hiyo atamkatalia mchezaji behewa lake juu tu programu haina nafasi yake, na hilo linaniuma kuliko vita ya saa mbili.

Jambo la mwisho, angalia pia mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons ya 2014 sheria zake zimeandikwa kama mtu anayeongea, kila uchawi una "isipokuwa" yake, na mtu wa kompyuta anatoka jasho kuzigeuza kuwa amri. Pathfinder ya pili, mchezo mwingine wa namna hii, ya 2019, kila kitu kina alama yake, nyongeza zimegawanywa aina tatu na za aina moja hazijumlishwi, ukipita namba kwa 10 ni ushindi mkubwa, ukikosa kwa 10 ni kuanguka vibaya. Kwa mkono hesabu hiyo inachosha kweli, lakini mashine inaipenda, na mfumo wake ku Foundry, nao wa watu wa kujitolea, unafanya mengi bila moduli za ziada. Mtu akikwambia "ku meza yangu programu inafanya yote", muulize kwanza wanacheza mchezo gani.

Kwa hiyo wiki hii, zima otomatiki yote, cheza vita moja mbichi. Wiki ijayo washa kukaza akili peke yake. Ile ya kutoa uhai ikae mu mkono wako.

*

*Yaya, mi ni mchezaji, si emji. Meza yetu programu inafanya kila kitu na nilikuwa naona raha. Juzi kurante ikakatika katikati ya vita, tukakusanyika kwangu na mishumaa na dadu za kweli, na hakuna hata mmoja alijua anaongeza ngapi ku upanga wake. Miaka miwili tunacheza! Nilisikia haya sana. Tuache programu?*
*Mchezaji wa Kamalondo*

Ndugu yangu, usisikie haya, hiyo imenipata na wa kwangu. Programu msiache, ila msikubali ifiche hesabu.

Wazee wetu wakicheza kisolo, mtu anachukua mbegu za shimo anazigawa moja moja, na wote waliosimama pembeni wanahesabu pamoja naye kwa macho, na kabla mbegu ya mwisho haijaanguka wanajua itaangukia wapi, kelele inaanza mbele. Kule kuhesabu njo mchezo wenyewe, ukiipa mashine igawe mbegu hakuna kitakachobaki. Dadu yenu iko karibu na hiyo. Ukijua una nyongeza ya 6 na adui kinga yake ni 16, unajua unatafuta 10 kwenda juu, na ile dadu inapozunguka wewe unaisubiri na moyo unadunda. Usipojua, unaona tu neno "amepigwa" limeandikwa, kama tangazo.

Fanyeni hivi: kila matokeo yanapotokea mu orodha ya maongezi pembeni, programu nyingi ukibonyeza juu yake ao ukipitisha kishale inafunua hesabu yote, dadu ngapi, nyongeza ngapi, zimetoka wapi. Someni kwa sauti. Mtu anatupa, anasoma: "nane, na nne ya nguvu, na mbili ya mazoea, kumi na nne." Juma tatu tu mtakuwa mmeshika. Na muelewe pia uzito wa vitu, mfano ile avantaje ya kutupa dadu mbili na kuchukua kubwa: kama unahitaji 11 kwenda juu, dadu moja inakupa asilimia 50, dadu mbili zinakupa 75. Mchezaji anayejua hiyo ataenda kuitafuta avantaje, atajificha, atapanda juu ya paa, atamwomba mwenzake msaada. Yule ambaye mashine inamtupia bila yeye kujua anakaa palepale anabonyeza upanga.

Na kama mna dadu za kweli na mnazipenda, programu zingine zinakubali mtupe kwa mkono mwandike namba, zenyewe ziendelee na hesabu iliyobaki. Sisi ku posho tunafanya hivyo kwa mapigo makubwa ya mwisho. Inabidi muaminiane, lakini kama hamuaminiani ku namba ya dadu, kazi yenu iko kubwa kuliko programu.

*

*Jambo Yaya. Sisi sita tuko mu mtaa mmoja, tunakutana nyumba moja, lakini tunataka ramani na otomatiki. Mega zinaisha mbio, na kurante inaenda inarudi. Kuna njia?*
*Kundi la Bel-Air*

Iko, na iko rahisi kuliko mnavyofikiri. Foundry inalipwa mara moja, dola 50, na anayelipa ni emji peke yake, wengine wanaingia kwa brauza bure. Tena seva yake inakaa ku ordinatere ya emji mwenyewe. Ukisha kuthibitisha leseni na kupakua mfumo wa mchezo kwa intaneti mara ya kwanza, siku ya kucheza hamuhitaji intaneti tena: washeni hotspoti ya simu ao ruta yoyote, hata isiyo na mega hata moja, wenzako waunganike, waandike mu brauza anwani ya ordinatere yako mu ule mtandao wa nyumba na namba 30000 mwishoni. Ramani zinasafiri mu nyumba tu, haziguse mega zenu. Ila wachezaji wawe na ordinatere, hata ndogo, simu inasumbua juu skrini yake ni finyu na programu haikutengenezwa kwa simu.

Wenye hawana dola 50, MapTool ni ya bure kabisa, nayo inaendeshwa ku ordinatere ya emji, sura yake ya kizamani kidogo lakini makro zake, amri ndogo unazoandika mwenyewe, zina nguvu.

Juu ya ramani, na hii hata kwa wanaochezea ku intaneti: msiweke picha ya PNG ya mega 20. Watu watano wakiipakua ni mega 100 kwa ramani moja, na mtakaa mu hiyo ramani dakika arobaini. Igeuzeni WebP, aina nyepesi ya faili ya picha, inashuka sana na macho hayaoni tofauti. Na kuta zile za mwanga, ambazo zinaficha chumba mpaka mhusika afungue mlango, ni nzuri kweli, naona wachezaji wanavyosogea mbele ya skrini mlango ukifunguka, lakini zinakula nguvu ya ordinatere na batri, na emji anazichora moja moja usiku. Kurante ikiwa mbaya, ziacheni kwa ramani moja ya muhimu.

*

*Mheshimiwa, mimi ni mama wa kijana wa miaka 15. Anakaa na wenzake mbele ya ordinatere saa nne, ananiambia si video game, kiisha tena ananiambia kompyuta inafanya kila kitu yenyewe. Sasa yeye anafanya nini?*
*Mama wa Ruashi*

Mama, asante kwa kuuliza, na swali lako ni zuri kuliko yetu sisi wengine. Mchezo huu, Dungeons & Dragons, ulitoka 1974 kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha kama vitabu, hakuna kompyuta mule. Kuna mtu anayesimulia, na wengine kila mmoja anaigiza mtu wa hadithi, wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua pale pasipo na uhakika. Ordinatere ilikuja nyuma kubeba makaratasi. Mu video game mlango ambao fundi hakuufikiria haupo, hapa mtoto akisema "natoboa ukuta", mwenzake inabidi amjibu.

Kwa hiyo anavyosema kompyuta inafanya yote, namwomba aangalie vizuri meza yake. Siku moja kaa nao nusu saa, Mama, sikiliza tu. Ukisikia wanabishana, wanapanga, wanaongea kwa sauti za watu wa hadithi, wanajumlisha, basi hizo saa nne si za kupotea. Ukisikia kimya na kubonyeza tu, mwambie asome jibu nililompa mchezaji wa Kamalondo hapo juu.

*

*Yaya, fundi wangu wa kupigana ana njia yake, ule mkondo wa uwezo wake, kutoka mu kitabu nilichonunua, lakini programu haina, inanipa njia moja tu. Na je, si bora tungoje zile za 3D zenye kufanya kila kitu?*
*Msomaji wa Kampemba*

Programu haikukosea. Mwezi wa kwanza 2023 wenye Dungeons & Dragons, Wizards of the Coast, waliweka sehemu ya sheria zao huru chini ya leseni huru ya Creative Commons, na ile sehemu ndiyo kila programu inaweza kuiweka ndani bila kuomba. Mule kila kazi ina njia moja peke yake, mpiganaji ana ile ya shujaa, mchawi ana ile ya nguvu za moto na umeme. Mengine yote yako mu vitabu, na mu programu unayanunua tena pale yanapouzwa, ao unayaandika mwenyewe mu fishi yako. Najua inauma kulipa mara mbili kitu kimoja. Mimi ninaandika mwenyewe, jina, maneno ya sheria, dadu ya kutupa, bila otomatiki, inachukua dakika kumi na tano, na mchezaji akikaa nami kuiandika anaijua njia yake kuliko wote ku meza.

Juu ya kungoja, mdogo wangu, hapana. Wizards wenyewe walitangaza meza yao ya 3D 2022, ikapewa jina la Sigil, ikatoka mwanzo wa 2025, na mwezi wa tatu wa mwaka ule ule watu wengi wa timu yake wakaachishwa kazi. Hao ni wenye mchezo, wenye franga. Kila uchawi mpya, kila njia mpya, kuna mtu inabidi akae aiandike amri kwa amri, na vitabu vinatoka mbio kuliko mikono yake, kiisha apdeti inapita inavunja ya jana. Imenipata mwenyewe, nilikubali apdeti ya programu moja siku ya posho saa tisa, saa kumi na moja wachezaji wako ku mlango na nusu ya moduli zangu zimekufa, tukacheza usiku ule na ramani tupu na dadu. Tangu siku hiyo apdeti ninafanya siku ya kwanza ya juma, na ninanakili folda yote kwanza ku fleshi.

Wewe fungua fishi yako leo, tafuta pale pa kuongeza uwezo mpya, andika hiyo njia. Ukikwama nitumie maneno yake ya kitabuni na jina la programu yako, nitakuandikia namna ya kuipanga mu toleo lijalo.